Nani aligundua mzunguko wa damu?

Swali: Daktari, mwalimu wetu wa baiolojia anasema aliyegundua mzunguko wa damu ni William Harvey. Babu anashikilia kuwa ni tabibu Mwarabu. Nani yuko sahihi?

Jibu: Wote wawili, ila kila mmoja kashika kipande chake.

Kwa karne nyingi matabibu walimfuata tabibu wa kale Galen, aliyefundisha kuwa damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kupitia vitundu visivyoonekana. Tabibu wa babu yako, Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Damascus aliyefanya kazi Cairo, alikataa. Akifafanua anatomia ya tabibu Ibn Sina mnamo 1242, aliandika kuwa ukuta wa katikati ya moyo hauna tundu lolote. Damu lazima iende mapafuni, ichanganyike na hewa, ndipo iingie upande wa kushoto.

Harvey, mwaka 1628, alieleza mzunguko wa mwili mzima. Hoja yake naipenda sana, maana ni hesabu tu: alikadiria damu inayosukumwa kwa kila pigo la moyo, akazidisha kwa mapigo ya nusu saa, akapata damu nyingi kuliko iliyomo mwilini. Ini haliwezi kutengeneza yote hiyo kutokana na chakula, kama alivyodhani Galen. Basi ni ile ile inayorudi. Kapilari, vimishipa vyembamba ambamo damu hupita ili irudi, hakuziona; mwanasayansi Malpighi alizifichua kwa hadubini mwaka 1661, Harvey ameshafariki.

Mtihanini andika Harvey. Ukiulizwa mzunguko wa mapafu peke yake, babu yako ndiye mwenye jibu.