Hifadhidata ya Sacco Konza: Tuanzie Wapi?

Swali: Sacco yetu ya Machakos inahamishia PostgreSQL kwenye seva ya kukodi katika kituo cha data cha Konza. Tuanze na nini?

Jibu: Anzeni na mlango. Msiache poti 5432 wazi kwa kila mtu; katika faili ya pg_hba.conf, ruhusuni anwani za ofisi zenu pekee. Programu ya wanachama isitumie akaunti kuu ya postgres; ipeni yake, yenye haki chache.

Kisha nakala. Mkitegemea pg_dump ya usiku peke yake, seva ikifa alasiri mtapoteza miamala ya siku nzima. Kwa hiyo chukueni nakala kamili kwa pg_basebackup, mhifadhi mfululizo faili za WAL (zinazorekodi kila badiliko) nje ya Konza, na kila mwezi mjaribu kurejesha. Hiyo ni akiba ya watu, ilindeni.