Askari Kijana Aliyekimbia

Mwezi huu twataka kujifunza habari ya picha moja ya sinema. Picha hiyo ni ya zamani, haina rangi, wala si ndefu, maana yachukua dakika 69 tu. Jina lake ni The Red Badge of Courage, yaani Alama Nyekundu ya Ushujaa. Ilitolewa huko Marekani mwaka 1951, na aliyeiongoza ni John Huston. Habari yake ilitoka katika kitabu cha jina hilo hilo kilichoandikwa na Stephen Crane, kikapigwa chapa mwaka 1895. Alama nyekundu inayonenwa ni jeraha. Ni damu ionekanayo juu ya nguo za askari, na kwa hiyo watu hujua kwamba mtu huyu alikuwako vitani wala hakujificha. Msomaji na alishike neno hili, kwa kuwa habari yote imejengwa juu yake.

Wako wanaodhani kwamba picha za vita hazina la kufundisha ila moshi na kelele za mizinga. Kwa picha nyingi hawakosei. Lakini hii haijishughulishi sana kuuliza ni nani aliyeshinda. Yauliza neno ambalo kijana aendaye vitani hujiuliza kwa siri, usiku, wenzake wakiwa wamelala: Saa itakapofika, je, nitasimama au nitakimbia?

Kijana mwenyewe aitwa Henry Fleming. Vita ni vile vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, kati ya majimbo ya Kaskazini na majimbo ya Kusini, vilivyoanza mwaka 1861 na kwisha mwaka 1865, na ndani yake watu zaidi ya 600,000 wakafa. Henry ni mtoto wa shamba. Amejiandikisha kwa hiari yake, wala hajaona vita bado. Kikosi chake kimekaa kambini siku nyingi, kazi yao kwata tu, asubuhi na jioni. Hata ilipovuma habari kwamba sasa watakwenda kupigana, wenzake wakachangamka, bali yeye moyo wake ukafadhaika. Akaanza kuwauliza wengine kama wanaogopa. Lakini hakuuliza waziwazi. Aliuliza kwa kuzungukazunguka, kama mtu aulizaye bei ya kitu sokoni naye hataki ijulikane ya kuwa anakihitaji. Katika kitabu, rafiki yake Jim Conklin, askari mrefu, alimjibu kwa unyofu kwamba wenzake wakisimama atasimama nao, na wote wakikimbia, basi labda naye atakimbia. Jibu hilo lilimtuliza Henry kidogo, walakini si kwa muda mrefu.

Usiku mmoja Henry alikuwa zamu akilinda ukingoni mwa mto. Ng'ambo ya pili alikuwako askari wa adui, haonekani kwa giza. Yule adui akasema naye kwa upole, akamwonya atoke penye mbalamwezi, asije akapigwa risasi na kupata alama nyekundu. Twaipenda sana sehemu hii. Jina la alama ile lilitajwa kwanza na mtu ambaye kesho yake ingekuwa kazi yake kumtia Henry jeraha hilo.

Vita vikaja. Adui waliposhambulia mara ya kwanza, Henry alisimama. Alipiga bunduki pamoja na wenzake mpaka adui wakarudi nyuma. Wote wakapumua, wakapongezana, wakidhani kazi imekwisha. Mara adui wakatokea tena katika moshi, na hapo ndipo kijana alipotupa bunduki yake na kukimbia. Angalieni vema, maana wengi wanaosimulia habari hii huliruka jambo hili. Henry hakukimbia alipoviona vita kwa mara ya kwanza. Alikimbia alipotambua kwamba havikwisha. Nguvu zake zote alikuwa amezitumia katika lile shambulio la kwanza, kama mwenye kubeba mzigo akijua safari itakoma mtoni, kisha aambiwe mtoni kwamba mji ungali mbali. Ni ajabu kwamba Crane aliliona hili. Yeye alizaliwa mwaka 1871, miaka sita baada ya vita vile kwisha, na alipokiandika kitabu chake alikuwa hajaona vita vyo vyote kwa macho yake.

Basi Henry akiwa mbali huko nyuma akamsikia jemadari akifurahi kwa sababu kikosi kimesimama imara na adui wamezuiwa. Kama wote wangalikimbia, angalijifariji kwamba alikuwa mwenye akili kuliko wao. Lakini walisimama, hata wale aliowaona kuwa dhaifu. Akatanga-tanga, akaingia katika safu ya majeruhi waliokuwa wakijikokota barabarani. Huko alikuwako mtu mmoja mwenye nguo zilizoraruka, mpole wa maneno, naye ameumia vibaya. Mtu yule akamwuliza Henry ameumia wapi.

Hakuuliza kwa hila. Aliona kijana kati ya majeruhi, akadhani naye ni majeruhi, akataka kumsaidia. Swali la namna hii mtu huweza kuulizwa na mama yake. Lakini Henry hakuwa na jibu, kwa kuwa hakuwa na jeraha, akajipenyeza katikati ya watu na kumwepa. Baada ya hayo akamwona Jim, yule rafiki yake mrefu, amejeruhiwa ubavuni, akitembea kama mtu aliye katika ndoto, mpaka akaanguka na kufa machoni pake. Tena yule mwenye matambara alikuwapo, tena akamwuliza habari ya jeraha lake. Katika kitabu, Henry alimwacha mtu huyo peke yake shambani, hali amekaribia kufa, ili tu aokoke na swali lile. Sisi twaona kwamba hili ndilo kosa lake kubwa, kupita lile la kukimbia. Miguu ilikimbia kwa hofu, na hofu humshika mtu asipotaka. Lakini yule majeruhi alimwacha akijua alifanyalo.

Kisha likatukia jambo la ajabu. Henry alikutana na askari wengine waliokuwa wakikimbia, akamshika mmoja wao amwulize kuna nini. Yule, kwa kuchanganyikiwa, akampiga kichwani kwa bunduki. Damu ikatoka. Usiku ule Henry aliongozwa na askari mwema mpaka kwa kikosi chake, akawaambia wenzake kwamba amepigwa risasi. Rafiki yake Tom Wilson akamfunga kitambaa kichwani na kumlaza. Hakuna aliyejua. Damu ilikuwa ya kweli na maumivu yalikuwa ya kweli, ila maana yake ilikuwa ya uongo. Hata hivyo siku ya pili Henry alipigana kwa ukali mwingi, akashika bendera, akaenda mbele ya wengine, maafisa wakamsifu.

Hapa kitabu na sinema huachana. Katika kitabu, Henry hamwambii mtu ye yote. Siri yake yabaki moyoni, na kumbukumbu ya yule mtu mwenye matambara yamfuata kama deni. Katika sinema, Henry anamwungamia Tom kwamba alikimbia, na Tom hamtupi. Mwenye kufundisha vijana katika usharika ataipenda zaidi sinema, nasi twamwelewa. Lakini twasema wazi kwamba sinema imelirahisisha jambo. Henry aliungama alipokwisha kusifiwa. Kusema nalikimbia jana ni kwepesi kwa mtu ambaye leo ameshika bendera.

Ili tuone uzito wa neno hilo kwa mtu asiye na sifa ya kumkinga, inafaa tutazame watu wawili wa kweli.

Wa kwanza ni Eddie Slovik, askari wa Marekani katika vita vya mwaka 1939 mpaka 1945. Alipelekwa Ufaransa mwaka 1944. Hakutaka kwenda mstari wa mbele. Alitaka apewe kazi ya nyuma, na alipokataliwa aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba alikuwa amekimbia, na kwamba akirudishwa mbele atakimbia tena. Maafisa walimpa nafasi ya kuiharibu barua hiyo, naye akakataa. Wengi walioandika habari zake husema alitumaini kufungwa tu. Tarehe 11 Novemba 1944 akahukumiwa, na tarehe 31 Januari 1945 akapigwa risasi na askari wenzake huko Sainte-Marie-aux-Mines, katika nchi ya Alsace. Katika vita ile askari 49 wa Marekani walihukumiwa kufa kwa kosa la kutoroka, na ni yeye peke yake aliyeuawa kwa kosa hilo. Wala hakuna Mmarekani mwingine aliyeuawa na jeshi lake kwa kutoroka tangu vita vile vya Henry Fleming. Hatusemi kwamba Slovik alitenda vema, maana nafasi aliyoikataa ilijazwa na mtu mwingine, naye pia alikuwa na mama yake. Twasema tu kwamba aliungama kabla ya kutenda lo lote la kusifiwa, akauawa. Mifupa yake ilirudishwa kwao Detroit mwaka 1987.

Wa pili ni Audie Murphy. Siku tano tu kabla ya kufa kwa Slovik, yaani tarehe 26 Januari 1945, katika nchi ile ile ya Alsace, karibu na kijiji cha Holtzwihr, luteni huyu wa miaka 19 aliwaamuru askari wake warudi msituni, yeye akabaki. Alipanda juu ya gari la vita lililokuwa likiwaka moto, akashika bombomu, akawazuia Wajerumani muda wa saa nzima hivi, hali amejeruhiwa mguu. Kwa tendo hilo alipewa nishani iliyo kuu kuliko zote katika jeshi la Marekani. Mtu huyu, mwana wa wakulima maskini wa Texas, ambaye mama yake alikufa mwaka 1941, ndiye aliyechaguliwa na Huston kuwa Henry katika sinema. Yule mwenye nishani nyingi akavaa nguo za mwoga, akatupa bunduki na kukimbia mbele ya watu wote.

Mtu aweza kudhani kwamba alijifanya tu. Alikimbia kwa kuigiza, ni kweli. Lakini uso wake hakuuazima kwa mtu. Murphy alijeruhiwa mara tatu vitani, na majeraha hayo yote yalipona. Lililobaki halikuwa na damu. Hakuweza kulala. Alilala na bastola chini ya mto. Ndoto za vita zilimrudia, akatumia dawa za usingizi mpaka zikamtawala, hata akajifungia peke yake katika chumba cha hoteli siku kadhaa ili aziache. Kama mtu angalimwuliza ameumia wapi, angalionyesha nini?

Madaktari wamekuwa wakilitafutia jina jeraha hilo kwa muda mrefu. Baada ya vita vya Marekani vya 1861 liliitwa moyo wa askari. Katika vita vya 1914 likaitwa mshtuko wa mizinga, na katika vita vya 1939 likaitwa uchovu wa vita. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliliandika rasmi katika orodha yao ya magonjwa, na siku hizi twasikia likiitwa kiwewe. Murphy hakungoja mwaka huo. Alisema hadharani habari za usiku wake mwenyewe, akaitaka serikali iwatunze askari waliorudi kutoka Korea na Vietnam. Tena sifa yake ilimkinga asiitwe mwoga, kama ilivyomkinga Henry. Alikufa tarehe 28 Mei 1971, ndege ilipoanguka katika milima ya Virginia, akazikwa Arlington.

Yabaki neno moja juu ya sinema yenyewe. Huston aliitengeneza ndefu kuliko tuionavyo sasa. Ilipoonyeshwa kwanza kwa watu ili wajaribiwe, wengine walicheka, na wengine waliondoka kabla haijaisha. Kampuni ikaogopa, ikaikata, ikaongeza sauti ya msimulizi ili watu waelewe. Mwandishi Lillian Ross, aliyefuatana nao tangu mwanzo, alieleza mambo hayo katika kitabu chake Picture cha mwaka 1952. Picha ile ndefu haikupatikana tena. Kati ya vilivyoondolewa ni kufa kwa yule mtu mwenye matambara, sehemu ambayo Huston aliithamini sana. Watu walikuwa wamekwisha kumwona Jim akifa, hawakutaka kuona mwingine. Kwa hiyo, katika sinema iliyobaki, twamwona mtu yule barabarani, twamsikia akiuliza swali lake, wala hatuonyeshwi mwisho wake.