Uzamili wa sheria ng'ambo: hatua za kufuata kabla familia haijauza ploti

Katika Wadi ya Kinoo, kama katika sehemu nyingine za Kaunti ya Kiambu, kuna nyumba nyingi ambamo kijana amemaliza shahada ya kwanza ya sheria na sasa anataka kuendelea na masomo Uingereza, Marekani au Afrika Kusini. Mara nyingi mazungumzo huanzia kwenye karo na kuishia kwenye ardhi: ploti iuzwe, nyumba za kupangisha ziwekwe rehani, au ndugu waitwe kwenye harambee. Makala hii ni somo fupi kwa wahitimu na kwa wazazi wao. Inaeleza shahada yenyewe, ratiba ya maombi, na mpangilio wa malipo, ili pesa ya familia isitoke kabla ya wakati wake.

Shahada hii inampa mtu nini

Shahada ya uzamili katika sheria hufupishwa LL.M. Katika nchi nyingi huchukua mwaka mmoja wa masomo. Humpa mwanafunzi ujuzi wa ndani katika tawi moja, kama vile kodi, haki za binadamu, mazingira, biashara ya kimataifa au sheria za teknolojia. Humsaidia anayetaka kufundisha chuo kikuu, kufanya kazi katika mashirika ya kimataifa au kushauri kampuni.

Kuna jambo ambalo familia nyingi hazielezwi mapema: uzamili haumfanyi mtu kuwa wakili wa Mahakama Kuu ya Kenya. Njia ya uwakili hapa nchini hupitia shahada ya kwanza ya sheria, mafunzo katika Kenya School of Law iliyoko Karen, mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria na miezi sita ya uanagenzi chini ya wakili. Mhitimu ambaye hajapitia njia hiyo atarudi kutoka London au Boston akiwa na shahada mbili, lakini bado atahitajika kwenda Karen kabla ya kusimama mbele ya hakimu katika Mahakama ya Kikuyu. Kwa hiyo swali la kwanza nyumbani liwe hili: kijana anataka kufanya kazi gani, na je, kazi hiyo inahitaji uzamili sasa au uwakili kwanza?

Kusoma ugenini si jambo jipya

Kabla ya 1961 Afrika Mashariki haikuwa na kitivo cha sheria. Mkenya aliyetaka kuwa wakili alilazimika kwenda ng'ambo, hasa Uingereza. Mwaka huo Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa kikianza na sheria, na vijana wa Kenya wakavuka mpaka kwenda kusoma huko. Mmoja wao ni Dkt. Willy Mutunga, aliyepata shahada ya kwanza na ya uzamili Dar es Salaam, kisha uzamifu katika Chuo Kikuu cha York, Canada. Alikuwa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 2011 hadi 2016. Profesa Yash Pal Ghai, aliyeongoza Tume ya Marekebisho ya Katiba, alisoma Oxford na Harvard, na alifundisha Dar es Salaam katika miaka ya 1960.

Funzo lililopo ni kwamba ng'ambo si lazima iwe mbali. Kituo cha Haki za Binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria kimekuwa kikitoa uzamili wa haki za binadamu na demokrasia barani Afrika tangu 2000, na huchukua wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za bara hili. Pia Chuo Kikuu cha Nairobi hutoa uzamili wa sheria katika bewa la Parklands, mwendo wa matatu tu kutoka Kinoo. Mwombaji afanye hesabu ya chaguo la nyumbani kwanza, kisha aulize ni kitu gani hasa atakachokipata ng'ambo ambacho hakipo hapa.

Kalenda: kuanza mwaka mmoja mapema

Masomo mengi ya Uingereza huanza Septemba. Anayetaka kuanza Septemba ya mwaka ujao ajipange tangu Julai ya mwaka huu.

Agosti hadi Oktoba ni kipindi ambacho kwa kawaida maombi ya ufadhili wa Chevening hupokelewa. Ufadhili huu wa serikali ya Uingereza ulianza 1983. Hulipa karo, nauli na fedha za matumizi kwa uzamili wa mwaka mmoja, na maombi yake hayatozwi ada. Mwombaji huhitaji saa 2,800 za kazi, yaani takriban miaka miwili. Kazi ya kujitolea na mafunzo ya kazini yanaweza kuhesabiwa. Huchagua kozi tatu, na akifaulu hutakiwa kurudi nchini kwa angalau miaka miwili baada ya masomo.

Oktoba hadi Januari ni wakati wa kutuma maombi kwa vyuo vyenyewe. Vyuo vingi vikubwa vya Marekani hufunga maombi ya LL.M. kati ya Desemba na Januari, na vingi hutaka vyeti vipitie shirika la LSAC, ambalo hukusanya na kukagua hati za waombaji. Mtihani wa LSAT, ambao Wakenya wengi huuogopa, ni wa wanaoomba shahada ya J.D. ya miaka mitatu. Kwa kawaida hautakiwi kwa LL.M.

Februari hadi Juni ni miezi ya majibu ya vyuo na mahojiano ya ufadhili. Viza hufuata baada ya hapo. Anayeanza kutafuta chuo Mei ili asafiri Septemba huwa amechelewa kwa ufadhili wote mkubwa, na hapo ndipo ploti huanza kutajwa.

Karatasi za kuandaa

Jambo la kwanza ni jina. Majina katika kitambulisho, cheti cha KCSE, cheti cha chuo na pasipoti yafanane. Jina moja likikosekana au likiandikwa kwa herufi tofauti, mwombaji apate hati ya kiapo kutoka kwa wakili mapema. Pasipoti huombwa kupitia eCitizen, na si busara kusubiri barua ya chuo ndipo iombwe.

Hati nyingine ni nakala rasmi ya matokeo ya chuo, cheti cha shahada, wasifu wa kazi na barua mbili au tatu za mapendekezo. Vyuo vingi vya Uingereza hutaka daraja la pili la juu. Mhadhiri anayeombwa barua apewe angalau wiki tatu, pamoja na nakala ya matokeo na maelezo ya kozi inayoombwa. Barua inayosema tu kwamba mwanafunzi alikuwa na nidhamu haimsaidii mtu. Inayotaja tasnifu yake na namna alivyojenga hoja humfungulia mlango.

Kuhusu Kiingereza, Uingereza haijaiweka Kenya katika orodha ya nchi ambazo raia wake wamesamehewa kuthibitisha lugha hiyo. Hata hivyo chuo kinaweza kukubali gredi ya KCSE au barua kwamba shahada ya kwanza ilifundishwa kwa Kiingereza. Mwombaji aulize chuo kwa barua pepe kabla ya kulipia mtihani wa IELTS. Matokeo ya mtihani huo hutumika kwa miaka miwili.

Maelezo binafsi

Hii ndiyo karatasi ambayo mwombaji huiandika mwenyewe, na wengi huiandika vibaya. Sentensi kama "tangu utotoni nimependa haki" inaweza kuandikwa na mtu yeyote wa nchi yoyote. Kamati ya chuo hutafuta mambo matatu: swali la kisheria ambalo mwombaji amekutana nalo, kazi aliyoifanya kulihusu, na sababu ya kuchagua kozi hiyo hasa.

Mkazi wa Kinoo hana haja ya kwenda mbali kutafuta swali. Katika eneo hili mashamba ya mboga na ng'ombe yamegeuka ploti na majengo ya kupangisha katika kizazi kimoja. Babu hufariki hati ikiwa bado kwa jina lake, wana wakajenga, mabinti wakadai fungu lao, na mgogoro ukafika Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoanzishwa kwa sheria ya 2011. Mhitimu aliyefanya uanagenzi katika ofisi inayoshughulikia kesi za urithi anaweza kuandika: aliona nini katika majalada hayo, Sheria ya Urithi inasema nini, inashindwa wapi, na mhadhiri gani wa chuo kinachoombwa ameandika juu ya umiliki wa ardhi mijini. Maelezo ya namna hiyo hayawezi kunakiliwa kutoka kwa mtu mwingine.

Pesa: kila malipo na wakati wake

Karo ya LL.M. Harvard ni zaidi ya dola 75,000 kwa mwaka. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 9.6 kabla ya chakula na malazi. Vyuo vingi vya Uingereza hutoza kati ya pauni 20,000 na 35,000. Juu yake kuna ada ya viza na mchango wa huduma ya afya, ambao kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa kila mwaka. Anayekwenda Marekani hulipa pia ada ya SEVIS ya dola 350.

Malipo yafuate mpangilio huu. Kwanza, ada za maombi tu, nazo chuo kikiulizwa wakati mwingine huzisamehe. Pili, baada ya barua ya kukubaliwa na baada ya majibu ya ufadhili, malipo ya awali kwa chuo. Kabla ya kuyalipa, familia isome kanuni ya kurudishiwa pesa: je, viza ikikataliwa chuo hurudisha zote, au hukata sehemu? Kanuni hiyo iwe imeandikwa. Tatu, gharama za viza. Kwa Uingereza, Mkenya anayekwenda kwa zaidi ya miezi sita hupimwa kifua kikuu, na kipimo hicho hufanywa Nairobi na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM.

Kanuni inayowaangusha wengi ni ya siku 28. Fedha za karo iliyosalia na za kuishi lazima ziwe zimekaa katika akaunti kwa siku 28 mfululizo bila kupungua chini ya kiwango kinachotakiwa. Harambee ya Jumapili haiwezi kuleta viza ya Ijumaa. Akaunti iwe ya mwanafunzi au ya mzazi, na ikiwa ni ya mzazi kuwe na cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini. Hati ya ploti, gari au hisa si fedha taslimu, kwa hiyo hazihesabiwi.

Jambo jingine ni la walio na familia. Tangu Januari 2024, mwanafunzi wa uzamili wa darasani nchini Uingereza kwa kawaida haruhusiwi kwenda na mwenzi wala watoto kama wategemezi. Aliyepanga kuondoka na mkewe au mumewe apange upya. Na aliyekopa HELB akumbuke kwamba deni hilo halisimami kwa sababu amevuka bahari.

Maajenti na mipango ya pamoja

Mwaka 2023 wazazi katika Kaunti ya Uasin Gishu waliandamana wakidai kwamba pesa walizolipa kwa mpango wa kuwapeleka watoto wao Finland na Canada hazikufika vyuoni. Suala hilo lilifika Seneti na mahakamani. Tahadhari inayotokana nalo ni rahisi: karo hulipwa kwenye akaunti ya chuo, kwa jina la chuo, na risiti hutoka chuoni. Isilipwe kwa simu ya mtu, hata awe jirani au muumini wa kanisa moja.

Ajenti halali anaweza kusaidia kujaza fomu, lakini hana uwezo wa kuahidi viza. Serikali ya Uingereza huchapisha orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa kupokea wanafunzi wa kigeni, na Marekani ina orodha yake. Chuo kisichokuwemo hakiwezi kumletea mtu viza ya masomo.

Kabla ya kurudi

Shahada ya ng'ambo hutakiwa kutambuliwa nchini. Mwombaji aulize Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, kabla ya kuondoka kama chuo na kozi yake vitatambuliwa, hasa ikiwa sehemu ya masomo ni kwa njia ya mtandao. Aweke barua ya kukubaliwa, nakala za matokeo na pasipoti yenye mihuri ya safari, kwa kuwa ndizo zitakazotakiwa atakaporudi.

Kwa ufupi

Familia ijiulize maswali matano kabla ya kutoa pesa kubwa. Je, kazi anayoitaka kijana inahitaji shahada hii? Je, ameomba angalau ufadhili mmoja kwa wakati? Je, barua ya kukubaliwa imethibitishwa na chuo chenyewe? Je, kanuni ya kurudishiwa pesa imesomwa na wote wanaochanga? Je, shahada itatambuliwa Kenya? Jibu moja likiwa hapana, pesa ikae benki na ploti ibaki na mwenyewe. Chuo kitafungua maombi tena mwaka ujao, lakini ploti iliyouzwa Kinoo leo hainunuliki tena kwa bei ya leo.