Nyumbani Baada ya Tiba ya Iodini: Jinsi ya Kuwalinda Watoto na Wajawazito

Wakazi wa Malakisi wanaohitaji tiba ya iodini yenye miale hutumwa kwenye hospitali kubwa zenye kitengo cha tiba ya nyuklia, kama vile Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi. Dawa hii ya kumeza hupewa mgonjwa ambaye tezi ya shingo, yaani thairoidi, inafanya kazi kupita kiasi, au aliye na saratani ya tezi hiyo.

Mgonjwa anaporudi nyumbani, sehemu ya dawa ingali mwilini. Miale yake humfikia aliye karibu naye, na dawa kidogo hutoka kupitia mkojo, mate na jasho. Huu si ugonjwa wa kuambukiza, na mgonjwa hapaswi kunyanyapaliwa. Kinachotakiwa ni umbali, tena kwa muda tu.

Iodini 131 hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8. Baada ya siku 16 hubaki robo. Isitoshe, kiasi kikubwa hutoka kwa mkojo katika siku za kwanza. Idadi ya siku za kujihadhari hutegemea kipimo cha dawa, hivyo mgonjwa afuate maagizo ya hospitali yake.

Safari ya kurudi

Kutoka Nairobi hadi Malakisi ni zaidi ya kilomita 400. Kuketi saa nyingi kwenye basi, bega kwa bega na mjamzito au mama aliyempakata mtoto, si salama kwao. Kabla ya kumeza dawa, mgonjwa aulize atasafiri lini na kwa njia gani.

Akiwa nyumbani

1. Alale peke yake. Palipo na chumba kimoja, watoto walale kwa jamaa au jirani.
2. Asiwapakate watoto wala kukaa karibu na wajawazito. Umbali wa mita 2 unafaa.
3. Wanaokuja kumpa pole wakae mbali kidogo na wasikawie. Mikutano na matanga visubiri.
4. Anywe maji ya kutosha na kukojoa mara kwa mara, isipokuwa daktari amemwagiza vingine.
5. Atumie choo, si kichakani. Hata mwanamume achuchumae au aketi ili mkojo usiruke. Amwage maji ya kutosha, kisha anawe mikono kwa sabuni.
6. Awe na sahani, kikombe na taulo zake. Nguo na matandiko yake yafuliwe kando.
7. Mtu mwingine akande unga wa chapati na kuwapikia watoto.

Akina mama wazingatie

Mama anayenyonyesha amweleze daktari mapema. Kunyonyesha husimamishwa wiki kadhaa kabla ya tiba, na mtoto huyo harudishwi tena kwenye titi. Mjamzito hapewi dawa hii kabisa. Baada ya tiba, mwanamke hushauriwa kusubiri angalau miezi 6 kabla ya kushika mimba. Mwanamume pia hushauriwa kuahirisha kupata mtoto kwa miezi kadhaa.

Familia ipange mambo haya kabla mgonjwa hajasafiri: nani atalala na watoto, nani atapika, na nguo zitafuliwa wapi. Mgonjwa aihifadhi barua ya hospitali na kuionyesha katika kituo chochote cha afya atakachotembelea wakati wa tahadhari.