Usiende Bagamoyo na Sufuria

 Wadogo zangu, leo tuzungumze habari ya mitoko. Sisemi ule wa kwenda harusini kwa binamu, ambao unarudi umechoka kuliko ulivyokwenda. Nasema ule wa mke na mume peke yao, Ijumaa jioni hadi Jumapili, watoto wamebaki kwa bibi yao au kwa shangazi. Wiki hizi nimeulizwa sana. Dada, twende wapi? Dada, shilingi ngapi zinatosha? Dada, juzi tumetoka Zanzibar na tumerudi tumenuniana, tatizo nini? Hilo la tatu ndilo nitakalokaa nalo, maana limenipata.

Ilikuwa mwaka wa nne wa ndoa yetu, tunakaa Tabata. Mume wangu akaniambia twende Bagamoyo tukapumzike. Nilifurahi mpaka usingizi ukaniruka. Bagamoyo si mbali, kama kilomita 70 kutoka mjini. Unapita Tegeta, Bunju, Mapinga, umefika. Yeye akatafuta chumba karibu na bahari, mimi nikaanza kufungasha. Nikafungasha nguo zake na zangu. Nikachemsha maharage ya watoto ya siku mbili, nikafua sare za Jumatatu, nikanunua LUKU ili umeme usimkatikie mama akiwa na wajukuu, nikabadilisha mtungi wa gesi. Halafu, kwa kuwa tulishakubaliana kwamba chakula cha hotelini ni ghali, nikapakia kwenye buti la gari tuliloazima kwa shemeji jiko dogo la gesi, sufuria mbili, mchele kilo mbili, nazi tatu na mbuzi.

Jumamosi saa sita mchana nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi kwenye kibaraza cha gesti, nakuna nazi. Bahari naiona kati ya minazi. Upepo unachota zile chembe nyeupe kwenye sinia na kuzimwaga sakafuni, na kila nikizikusanya unazimwaga tena. Mume wangu amelala ndani, feni inazunguka. Hakuwa na kosa. Kazi yake ni ya kusimama kutwa, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia alale. Lakini nilipoipasua nazi ya pili, koo likanikaba. Nimetoka Tabata na jiko langu, nimelihamishia ufukweni, basi.

Jioni tukaenda Kaole kuona magofu. Kuna msikiti wa karne ya 13 pale, na makaburi ya mawe ya matumbawe, mengine yana nguzo ndefu kama minara. Waongoza wageni husimulia habari ya kaburi moja la mke na mume waliozama baharini wakazikwa pamoja. Mume wangu akanishika mkono. Mimi machozi yakanitoka, na siwalilii wale marehemu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, nimekukosea nini?" Nikasema hakuna. Ningesema nini? Kwamba nalilia nazi? Tukarudi Jumapili usiku, foleni imeanzia Tegeta, mfuko wa nguo chafu nimeupakata. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri niko jikoni. Jumanne tukanuniana, na hakuna kati yetu aliyejua kwa nini.

Ilinichukua miaka kupata maneno ya kulieleza hilo. Nyumba mnasafiri nayo. Kama nyumbani ni mtu mmoja tu anayekumbuka kwamba gesi inakaribia kwisha, kwamba mtoto wa pili ana dawa ya saa mbili usiku, kwamba dada wa kazi anataka ruhusa ya kwenda kwao msibani, basi mtu huyo ataendelea kukumbuka hata akiwa amelala kwenye kitanda cha hoteli chenye mashuka meupe. Mwenzake atapumzika kweli, na atashangaa kwa nini yule wa pili ana uso mzito. Ndipo hapo mnaporudi mmenuniana, mdogo wangu uliyetoka Zanzibar. Boti haina kosa, wala hoteli.

Nakumbuka kicheni pati yangu. Nilipewa seti tatu za sufuria, vyombo vya udongo, birika na mapazia. Somo wangu alinifunda mengi mazuri, na mpaka leo nayatumia: namna ya kumpokea mume, namna ya kuongea naye akiwa na hasira, usafi wa chumba. Namshukuru. Lakini katika akina mama wote waliosimama kutunza na kunena siku ile, hakuna aliyeniambia kwamba na mimi nitachoka, na nikichoka nifanyeje. Wadogo zangu mnaokwenda kuwafunda wengine, tafadhali, lisemeni hilo.

Na kuna wanaoona kazi ya nyumbani si kazi. Hao niwakumbushe jambo. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ambamo swali lilikuwa hili: mke ambaye kazi yake ilikuwa kulea na kutunza nyumba, je, amechangia mali ya ndoa? Mahakama ilikubali kwamba kazi hizo ni mchango chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na fungu la nyumba, kwa sababu mahakama iliona alishapewa fedha za kuanzisha mradi na hazikutumika kwa kazi hiyo. Lakini alifungua mlango ambao wanawake wengi wamepita baada yake. Siwaambii haya ili mpelekane mahakamani. Nataka ujue tu kwamba unapokuwa jikoni saa kumi na moja alfajiri, unajenga nyumba ile ile anayoijenga mwenye mshahara.

Sasa tufanyeje. Msianzie Bagamoyo, anzieni sebuleni, siku ya kawaida kabisa, watoto wakishalala. Chukueni karatasi. Kila mmoja ataje mambo anayoyakumbuka, msitaje mnayoyafanya. Hapo pana tofauti kubwa. Mume wangu alikuwa mtu mwema wa kutumwa: ukimwambia kamchukue mtoto, anakwenda bila neno, ukimwambia leta maji, analeta. Ila mpaka atumwe. Karatasi yangu ilijaa pande mbili. Ya kwake ilikuwa na kodi ya nyumba, ada, na marejesho ya mkopo ambao, nawaambieni ukweli, sikujua kwamba ulikuwa unamnyima usingizi kiasi kile. Kwa hiyo msidhani karatasi hiyo ni ya kumshtaki mume. Mimi nilijifunza kitu usiku ule sawasawa na yeye.

Kisha peaneni kazi nzima nzima. Yeye alichukua sare za shule. Nzima maana yake kununua sabuni, kuloweka, kufua, kuanika, kupiga pasi, na kujua kwamba Jumatano kuna michezo, kwa hiyo bukta iwe tayari. Wiki ya kwanza alichanganya mashati meupe na sweta ya buluu, mashati yakatoka na rangi ya anga la asubuhi. Na hapa, mdogo wangu, ndipo wengi mnapoharibu. Nyamaza. Usiyafue tena kwa siri usiku, wala usimwambie mama yako. Mtoto atakwenda shule wiki moja na shati la buluu, na hatakufa. Leo ukimwona anavyofua utapenda: anakaa kwenye kigoda karibu na bomba la uani, kola ameitandaza juu ya goti, anaipitishia kipande cha sabuni ya mche mara mbili, halafu anaisugua kwa brashi polepole akifuata mshono, anainua shati juani kuangalia, anairudia. Mimi sijawahi kusafisha kola vile. Sina subira hiyo.

Hayo yakishakaa sawa, mtoko unakuwa mwepisi, na wala hauhitaji fedha nyingi. Sisi tuna kibubu. Kila Jumapili anatia shilingi 5,000 na mimi natia 5,000. Mwaka ukiisha ni shilingi 520,000. Haitoshi kwa hoteli kubwa, lakini inatosha mitoko miwili ya adabu, au mmoja mzuri. Onyo langu kwenye fedha ni moja tu: msikope kwa ajili ya kupumzika, na msipange mtoko Desemba mwishoni wakati ada za Januari zinawasubiri mlangoni.

Twende wapi? Kwa wa Dar, Mbudya inatosha kabisa kwa kuanzia. Boti mnapandia Kunduchi, mnalipa kiingilio cha hifadhi, mnaagiza samaki wa kukaanga na chipsi, mnaogelea, jioni mko nyumbani. Kigamboni mnavuka kwa pantoni, au mnapita Daraja la Nyerere. Morogoro siku hizi imekuwa karibu mno. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2024, unafika bila kumaliza saa mbili, na asubuhi unaamka milima ya Uluguru imejifunika ukungu. Kutoka hapo mkiwa na nafasi mnaweza kwenda Mikumi, hifadhi ya tangu 1964, ambayo hata barabara kuu ya kwenda Iringa inaikatiza katikati. Lushoto naipenda sana kwa baridi yake na ile njia ya kupanda milima kutokea Mombo, ila kwa siku mbili toka Dar sishauri. Mtaimaliza safari yote barabarani. Lushoto ipeni siku nne.

Na kama mfuko umekauka, nendeni Coco Beach jioni mkale mihogo ya kukaanga yenye pilipili, mkae mchangani mpaka giza liingie, mrudi kwa daladala. Nimeona ndoa zilizopumzika kwa mihogo ya Coco kuliko nyingine kwa hoteli za Nungwi.

Mambo machache ya safarini, nayasema kwa ukali wa dada. Msipike. Kama fedha ya kula haipo, punguzeni siku, laleni usiku mmoja badala ya mbili, lakini jiko libaki nyumbani. Kila mmoja afungashe begi lake. Mwanamume mzima anajua soksi zake zilipo. Mrudi Jumapili mchana na si usiku, ili muda wa kuoga, kupanga na kukaa na watoto uwepo kabla Jumatatu haijawarukia. Simu muitazame mara mbili, asubuhi na jioni, kwa ajili ya watoto. Aliyebaki nyumbani mwachieni fedha ya dharura mkononi, na mumwamini. Mama mkwe akiuliza mnakwenda kufanya nini huko, mume ndiye ajibu, kwa heshima, maana ni mama yake.

Mazungumzo mazito msiyafungue usiku wa kwanza. Mtu aliyetoka kwenye foleni hana masikio. Laleni kwanza. Asubuhi ya pili, mkiwa mnatembea, yatatoka yenyewe. Kutembea ubavu kwa ubavu kunafungua kinywa kuliko kutazamana uso kwa uso. Mume wangu habari ya ule mkopo aliimalizia kunieleza tukiwa tunapanda mlima kule Morogoro, anahema, hanitazami.

Lipo jingine, na hili naliandika nikiwa na uchungu. Baadhi yenu mnaniambia mmepelekwa mtoko kama fidia. Amekupiga Jumatano, Ijumaa amekukatia tiketi ya boti. Mdogo wangu, hiyo tiketi usiipokee kama dawa. Kipigo hakitibiwi na bahari. Ongea na mtu mzima unayemwamini katika ukoo, na kama unaogopa kurudi nyumbani, vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Nenda hapo, usisubiri mpaka mwili ushindwe kukubeba. Ushauri mwingine wote wa leo ni kwa nyumba ambayo hakuna anayemwogopa mwenzake.

Kuna shemeji mmoja aliniuliza: dada, mbona unatuelemea sisi wanaume? Kaka yangu, sikuelemei. Nimeona wanaume wanaokaa garini nusu saa baada ya kufika nyumbani, kwa sababu ndipo mahali pekee wanapopata utulivu. Hiyo nayo ni alama kwamba nyumba haipumzishi. Mwambie mke wako. Naye akikwambia kwamba amekuwa akifanya vivyo hivyo bafuni, maji yakiwa wazi ili watoto wadhani anaoga, usicheke. Pangeni wote wawili: Jumanne wewe unatoka saa moja ya kutembea, yeye anabaki, Alhamisi yeye anatoka, wewe unabaki, na asirudi kukuta watoto hawajala.

Sisi Ijumaa hii tunapanda treni kwenda Morogoro. Mama amekuja tangu jana. Nilipoamka leo nikakuta kibubu kimeshavunjwa, fedha zimepangwa mezani kwa mafungu: nauli, chumba, chakula, ya dharura ya mama. Nilipotoka uani mashati sita meupe yalikuwa kwenye kamba, na yeye amesimama chini yake na pini mdomoni, ananiuliza kwa ishara kama kuna lingine.