Je, Akili Pekee Yathibitisha Kwamba Mungu Hadanganyi?

Swali: Bila kufungua Biblia, mtu anaweza kuthibitisha kwamba Mungu hawezi kusema uongo? Msomaji, Machakos.

Jibu: Mwanafalsafa René Descartes alijaribu mwaka 1641. Kudanganya, alidai, hutokana na upungufu au ubaya, Mungu ni mkamilifu, basi hadanganyi. Hoja inashikamana, lakini mzigo wote umebebwa na neno "mkamilifu". Anayekubali Muumba mwenye nguvu tu, bila wema, hoja hiyo haimfungi.

Linganisha hoja hiyo na simulizi. Wakamba husimulia kwamba Mulungu, yaani Mungu, alimtuma kinyonga kuwaambia watu hawatakufa moja kwa moja. Kinyonga akagugumiza maneno. Ndege akamkatiza, akatangaza kifo.

Angalia lawama inakoangukia: kwa mjumbe. Ukweli wa Mulungu haukujadiliwa, ulichukuliwa kuwa wazi, na hiyo ni imani, si uthibitisho. Hata Descartes akikubaliwa, swali la nani kaufikisha ujumbe, na kwa usahihi gani, hajaligusa.