Kaka Yangu na Meza ya Waragi

*Shangazi, kaka yangu ana miaka 34 na naishi naye Bukoto. Baba wa kambo alimpiga karibu kila siku. Sasa pombe kali ya waragi imemfukuzisha kazi. Mama anasema asisingizie utoto, kwani mimi nililelewa nyumba ileile na sinywi, ingawa likizo zote nilikuwa kwa ssenga (dada wa baba), Masaka. Nimfukuze? – Dada, Bukoto*

Mwanangu, mama yako ana hoja, ila ameishia njiani. Mwaka 1998 Vincent Felitti, Robert Anda na wenzao walichapisha utafiti wa maelfu ya watu wazima huko California. Waliopitia aina nne au zaidi za mateso utotoni walikuwa na hatari ya ulevi, dawa za kulevya, sonona au kujaribu kujiua iliyopanda mara 4 hadi 12, wakilinganishwa na waliosalimika. Hatari si hukumu, ndiyo maana wengi hawanywi. Emmy Werner aliwafuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai. Kati ya walioishi katika shida nyingi, takriban theluthi moja walikua vizuri, na mara nyingi walikuwa na mtu mzima aliyewashika mkono. Wewe ulikuwa na ssenga. Kaka yako alibaki na fimbo. Hiyo si nyumba ileile.

Utaniambia hakosi watu, baa imejaa marafiki. Ni kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo: kiingilio cha urafiki ule ni glasi. Serikali ya Uganda iliondoa pombe kali ya vifuko mwaka 2019, lakini meza haikuondoka. Ukimwambia “acha” tu, unamtaka aache pombe na watu wake siku moja. Wengine watasema unamdekeza. Kumdekeza ni kulipa deni lake la baa. Nauli ya kwenda Butabika, hospitali yenye kitengo cha walevi, ni jambo jingine. Na asiache ghafla peke yake: mnywaji wa siku nyingi anaweza kupata degedege, hata kufa. Amwone daktari kwanza.

Kwa hiyo usimfukuze kwa sababu ya kunywa. Akikuinulia mkono, hapo ahame, bila mjadala. Pesa usimpe, chakula mpe. Na kama ssenga yu hai, mpigie simu umwombe amwalike kaka yako Masaka. Kwa barua yako, likizo hizo zote zilikuwa zako.